Sumaku za Wabwile

Mwihaki wa Ngige hajawahi kuiba hata hindi bichi kwa shamba la jirani, na mtu aliyekulia Trans-Nzoia bila kuiba hindi ana lake jambo, lakini jambo hilo si wizi. Kwa hiyo siku aliyosikia kwamba Bumula nzima, kule Bungoma, inamwita mwizi, tena mwizi wa mali ya marehemu, hasira ilimpanda hata chai akaisahau. Ilipoa mezani ikafanya ngozi juu, na mama yake, Ciru, akaimwaga bila kumwuliza kitu.

Pale Matisi, mtaani kwake Kitale, kila mtu anajua kazi yake. Ana kibanda cha mabati anapotengeneza redio, spika na vipaza sauti vya makanisa. Jumapili hupiga gitaa kanisani, na Jumamosi hupiga harusini akiitwa. Marehemu baba yake, Ngige, alihamia Kitale kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana, akalima mahindi na viazi, na alichotaka kwa Mungu ni binti mmoja nesi. Akapewa binti anayenuka moshi wa kulehemu, anayerudi nyumbani na vidole vimeungua, akicheka. Alinung'unika kidogo, kisha akazoea, na mwisho alikuwa ndiye anayempelekea chakula kibandani.

Gitaa yenyewe ilikuwa kioja. Kiwiliwili alikipata kwenye mitumba mjini, kikiwa kitupu, kimetobolewa na mtu asiyejua kutoboa. Shingo ilitoka kwa gitaa ya kanisa moja la Naitiri iliyokaliwa na mama wa kwaya aliyedhani anakalia kiti. Yale masikio ya kukazia nyuzi yalitoka kwa gitaa tatu tofauti, kwa hiyo mengine huyazungusha mbele na mengine nyuma, na mtu mwingine akijaribu kukaza hukata nyuzi. Kifuniko cha mbele alikikata kwa mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia. Kitufe cha sauti kilikuwa cha redio ya baba yake. Kile kipande cheupe cha kushikilia nyuzi huku juu alikichonga kwa mfupa wa ng'ombe alioomba buchani.

"Hii si gitaa," Wabwile alimwambia siku ya kwanza alipoiona. "Hii ni githeri. Mahindi ya huyu, maharagwe ya yule." Jina likakwama, na gitaa ikawa Githeri hata kanisani.

Huyo Wabwile alikuwa mtu wa Bumula, baba wa Nabwile, na hakukuwa na harusi wala matanga ya maana Bungoma ambako gitaa yake haikulia. Alikuja Kitale mara ya kwanza na spika mbovu, akaketi kibandani akisubiri, akamsikia Mwihaki akijaribu Githeri. Hakumcheka kwa sababu ni mwanamke. Alimcheka kwa sababu alikuwa anajaza sauti kila mahali. "Acha nafasi, dada," alisema. "Hata mahindi hupandwa kwa nafasi." Kuanzia hapo wakawa wanapiga pamoja, yeye mbele, Mwihaki nyuma, na mke wake Nekesa akawa anamchinjia kuku kila akifika Bumula, mpaka Mwihaki akaona aibu akaanza kufika na mkate na sukari.

Tatizo la Githeri lilikuwa sumaku. Chini ya nyuzi za gitaa ya stima hukaa vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Wenye vitabu huviita pikapu, lakini Wabwile aliviita sumaku, na hapa ni sumaku. Hizo ndizo zinazosikia uzi na kupeleka habari kwa spika. Zikiwa mbovu, hata ukipiga kama malaika spika itatoa uji. Sumaku za Mwihaki alikuwa amezizungushia waya mwenyewe, waya wa redio iliyokufa, na zilivuma kila mashine ya kusaga ilipowashwa mtaani. Za Wabwile zilikuwa za zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, moja imevunjika pembe, na zilikuwa na sauti kavu na tamu ambayo watu waliitambua wakiwa bado barabarani.

Halafu ukaja msimu wa mavuno, na Wabwile akaenda Naitiri kuwasaidia wakwe kupukuchua mahindi. Mkanda wa mashine ya kupukuchua ulimvuta mkono wa kushoto. Vidole havikukatika, lakini viligeuka mbao. Hospitalini aliambiwa huenda vikarudi, aendelee kuvifanyisha mazoezi, na Nekesa akalishika hilo neno "huenda" kwa mikono miwili. Kila jioni alikuwa anaukanda ule mkono kwa maji ya moto na chumvi. Kila Jumamosi aliishusha gitaa ukutani, akaipanguza vumbi kwa kitambaa cha leso kuukuu, akairudisha.

Mvua zilipoanza, Wabwile alitokea Matisi akiwa amebeba gitaa kwa gunia. Mwihaki alidhani imeharibika.

"Haijaharibika," alisema. "Toa sumaku zangu, weka kwa Githeri. Zako weka kwa hii."

"Baba Nabwile, huo mkono utapona."

Wabwile aliuweka mkono juu ya meza, katikati ya vipande vya redio, ukalala pale kama kitu ambacho mteja amesahau. "Mimi na huu tumeagana," alisema. "Ni Mama Nabwile tu hajui. Na asijue. Akijua ataacha kuukanda, na akiacha sijui atafanya nini na jioni zake. Kwa hivyo gitaa lazima irudi ukutani ikiwa nzima. Umesikia? Usiambie mtu."

Mwihaki alikataa, akabishana, akalia kidogo akisingizia moshi. Mwisho akafanya. Skurubu za gitaa ya Wabwile zilikuwa zimekula kutu, vichwa vimelika, na yeye ni fundi asiyeweza kurudisha skurubu mbovu mahali pake hata akilipwa. Akaweka mpya. Alipomaliza, Wabwile akamwambia apige Githeri. Akasikiliza akiwa ameangalia barabara, akasema, "Sasa imefika," akaweka gitaa yake kwa gunia na kwenda zake.

Ahadi ni deni, na hiyo Mwihaki aliilipa kwa meno yaliyoumana. Kila alipofika Bumula alimkuta Nekesa na beseni la maji ya chumvi. "Krismasi atapiga," Nekesa alikuwa anamwambia, akifinya kidole kimoja kimoja, na Mwihaki anajibu, "Amina, mama," huku akimega ugali. Krismasi ilipita, ya pili pia ikawa inakaribia, na presha ikamwangusha Wabwile shambani mwake akiwa anapalilia.

Sasa sikiliza jinsi watu walivyo.

Usiku wa matanga, mdogo wake marehemu aitwaye Kevin aliitoa ile gitaa ukutani, akaunganisha na spika, akapiga. Kevin si mpigaji mbaya sana. Lakini sumaku za redio zilifanya kazi yao, zikatoa uji mzito unaovuma, na watu wakaangaliana. Kesho yake kaburini, mchungaji alimwomba Mwihaki apige wimbo mmoja. Alipogusa uzi wa kwanza wa Githeri, boma zima liligeuka. Ilikuwa sauti ya Wabwile, ile kavu na tamu, inatoka kwa mtungi wa mafuta ya kupikia uliokumbatiwa na mwanamke wa Kitale. Nekesa alifunika uso kwa leso. Kevin alikuja baadaye akijifanya anasalimia, akainama, akaona sumaku mbili za rangi ya maziwa yaliyolala, moja imevunjika pembe.

Hakumwuliza chochote. Hilo ndilo linalokera. Mtu yuko mbele yako, ana mdomo na masikio, unamwacha aende nyumbani ndipo unachukua simu. Kabla wiki haijaanza vizuri sauti ya Kevin ilikuwa inazunguka kwenye WhatsApp kutoka Bumula hadi Kitale: ati kuna mwanamke aling'oa moyo wa gitaa ya marehemu akiwa mgonjwa hajiwezi, na hawa watu wa Nyeri mnawajua, wakija kwako wanaangalia cha kubeba. Familia moja ya Bungoma mjini iliyokuwa imemwita harusini ikampigia kusema wamepata mwingine. Ciru akaacha kwenda sokoni, kwa sababu wanawake wa nyanya walikuwa wananyamaza akifika.

"Rudisha hizo vitu, ukae na amani," Ciru alimsihi.

"Nirudishe nini, Maitu? Nilichopewa?"

"Basi waambie ulipewa."

"Wataniuliza kwa nini."

Na hapo alikuwa anakwama kila mara, akizunguka jikoni akigongagonga sufuria zisizo na kosa.

Aliyemwonyesha njia ni Jentrix, Mbukusu kama Wabwile, anayeuza mboga kando ya kibanda chake. "Siku ya kunyoa ndiyo korti yetu," alimwambia akichambua sukuma. "Familia ikishanyolewa nywele, wazee wanauliza nani ako na kitu ya marehemu, na marehemu alibaki na kitu ya nani. Unasimama, unasema. Ukinyamaza hiyo siku, nyamaza milele. Enda, Mwihaki. Lakini usiende na hasira."

"Nitaenda na Githeri."

"Na hasira je?"

"Hiyo iko na miguu yake."

Alipofika Bumula, nywele zilikuwa zimeshanyolewa. Nekesa aliketi mbele ya hema kichwa kikiwa wazi, mdogo kuliko Mwihaki alivyomjua. Mzee Mukhisa, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Mmoja alisimama akasema ana jembe la ng'ombe la marehemu na atalileta. Mwingine akasema marehemu alibaki na baiskeli yake, akaonyeshwa ilipo. Mambo yalienda taratibu, kama watu wanaorudishiana vyombo baada ya sherehe. Kisha Mwihaki akasimama.

"Mimi ni Mwihaki wa Kitale. Niko na sumaku za gitaa za Baba Nabwile. Na yeye alibaki na zangu, ziko ndani ya gitaa yake. Tulibadilishana. Ni yeye alikuja kwangu akaniomba."

"Mmesikia," Kevin akadakia. "Amekubali mwenyewe ako nazo."

Angalia ujanja huo. Mtu amesema maneno mengi, yeye ameokota matatu yanayomfaa. Mwihaki alimgeukia, lakini Mzee Mukhisa akainua mkono.

"Binti, sisi hatujakuita mwizi hapa," alisema, naye hakuwa mtu mbaya. "Lakini nielewe. Huyu alikuwa mpigaji. Hiyo sauti ndiyo ilimjengea hii nyumba. Kwa nini mtu atoe sauti ya gitaa yake akupe, yeye abaki na mbaya?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lilikuwa fupi. Kwa sababu alijua hatapiga tena. Mwihaki alifungua mdomo. Mbele yake, Nekesa alikuwa amelaza mikono mapajani, ile mikono iliyoukanda mkono mfu jioni baada ya jioni, akiamini. Mwihaki akafunga mdomo.

"Jibu, basi," Kevin alisema.

Jua likampiga kisogoni, na watu wakaanza kunong'ona. Aliwakasirikia wote. Alimkasirikia Kevin na simu yake, akamkasirikia mzee na swali lake zuri. Lakini zaidi alimkasirikia Wabwile. Umelala huko chini umetulia, alimwambia moyoni, na mimi nimesimama hapa nimebeba mzigo wako, watu wananitazama kama paka aliyekutwa na nyama. Si ungemwambia mkeo hata siku moja, bana. Hata siku moja.

"Kama hakuna sababu," Mzee Mukhisa alisema hatimaye, kwa upole ulioudhi kuliko matusi, "basi zirudi kwa boma."

"Sawa," Mwihaki akasema. "Lakini nitazitoa mbele yenu, na zangu nizitoe mbele yenu. Sitaki kesho mtu aseme nimebeba na kengele ya kanisa."

Akatandika gunia juu ya meza ya chai. Kevin akaleta gitaa ya ndugu yake. Mwihaki akatoa bisibisi mfukoni, akaanza na hiyo, kwa sababu kuianza Githeri kulimshinda. Skurubu ya kwanza ilitoka bila shida. Ya pili ikatoka. Zilikuwa bado zinang'aa.

"Acha," Nekesa alisema.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. Aliinuka, akaja mezani, akaichukua skurubu moja akaiweka kiganjani.

"Hizi zilikuwa na kutu tangu nilipoolewa," alisema. "Siku moja napanguza, naona zinang'aa. Nikamwuliza Baba Nabwile ulienda kutengeneza nini Kitale, akasema ni waya tu. Mtu akitengenezewa waya si anajaribu aone kama inalia? Yeye hakujaribu. Aliitundika hapo kama kalenda ya mwaka ulioisha. Nikajua ametoa kilichokuwa ndani, na nikajua ametoa kwa sababu hatapiga tena. Sikumwambia nimejua. Alikuwa anapenda nikiukanda mkono akidhani naamini."

Kevin ndiye aliyeuliza kwanza. "Shemeji, sasa kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Nekesa alimgeukia, na sasa hasira ilikuwa imehamia kwake. "Tangu mazishi mnauliza gitaa imefanywa nini, sumaku ziko wapi, nani alibeba. Wewe umeuliza simu yako. Kuna mtu ameuliza bibi ya marehemu?"

Hapo ndipo Mwihaki angepaswa kushukuru, na mtu mpole angeshukuru. Lakini yeye aliiweka bisibisi chini kwa nguvu ikaruka.

"Mama Nabwile, ulijua," alisema. "Wiki nzima naitwa mwizi. Harusi imenitoroka. Mama yangu haendi sokoni. Nimesimama hapa nanyamaza kwa sababu yako, nisikuvunje roho. Na wewe umeketi hapo unajua?"

"Nilijua," Nekesa akasema. "Hiyo ni kosa yangu. Nilitaka kuona kama utatoa siri yake mbele ya watu." Akamkazia macho. "Lakini wewe pia ulijua. Ulijua huo mkono umekufa. Ukaja kwangu, ukakula kuku yangu, ukaniangalia nikifinya kidole moja moja. Nikakuambia Krismasi atapiga. Ukasema amina."

Mwihaki alitafuta jibu la hilo, na bado analitafuta hadi leo akiwa kibandani, akichoma waya za watu.

Mzee Mukhisa alikohoa, akasema kwamba kitu ambacho mwenyewe amegawa akiwa hai hakigawanywi tena, na kila sumaku ikae ilipo. Hivyo tu. Hakuna aliyemwomba Mwihaki msamaha. Watu wa kusema mwizi hujaa hema zima, lakini wa kusema samahani kila mara huwa wameenda msalani. Kevin alikuwa anaangalia viatu vyake. Ile sauti yake ya WhatsApp ilikuwa bado inatembea, na hakuna mzee wa kuirudisha hiyo kwa boma.

Mwihaki alirudisha zile skurubu mbili mahali pake, akazikaza. Akachukua Githeri aondoke.

"Unaenda wapi?" Nekesa akasema. Alitoa kitambaa chake kiunoni, kile cha leso kuukuu, akaanza kuipanguza Githeri vumbi la barabara. Alipanguza mtungi wa mafuta, akapanguza kitufe cha redio ya Ngige, akaingiza ncha ya kitambaa kati ya nyuzi na kuzipitia sumaku za mumewe polepole, hadi kwenye ile pembe iliyovunjika. Kisha akaikabidhi.

"Piga," alisema. "Na usinipigie kama yeye. Yeye nimemzika. Piga kama wewe, nisikie kama alichagua vizuri."

Mwihaki alipiga akiwa bado amekasirika, na ilisikika. Uzi wa kwanza ulikuwa umelegea, akasimama, akalikaza sikio la uzi huo, akaanza upya, na safari hii akaacha nafasi. Waya wa spika ulikuwa unachomoka, sauti ikikatika na kurudi. Kevin aliinuka akapiga goti chini, akaushika mahali pake kwa vidole viwili, akaushika hivyo hadi wimbo ukaisha. Mwihaki hakumwambia asante.